Kokteli, Hoteli Kali na Wikendi ya Jiji: Jinsi ya Kula Raha Kama Sonko Bila Kusota Njaanuari

Disemba imebisha hodi na group ya WhatsApp imeshaanza kuwaka. Mmoja anataka Coasto, mwingine anasema mbaki hapa hapa Kanairo mchukue rumu ya hoteli mpige picha za Insta, na kuna yule wa kila mwaka ambaye swali lake ni moja tu: mzinga ananunua nani? Mwishowe mbogi inaishia klabu ile ile ya mtaa, muziki umefunguliwa hadi huwezi kusikia jina lako, na saa tisa usiku kila msee anaangalia M-Pesa akijiuliza doo zimeenda wapi.

Ukiuliza kwa nini hamkuenda ile hoteli poa ya tao, jibu ni, "Zii, pale ni pa masonko." Hapo ndipo hesabu inaharibika. Kiti kwenye baa ya hoteli kubwa na kokteli moja iliyotengenezwa vizuri mara nyingi haizidi mchango wako wa mzinga, soda za kuchanganyia na sahani ya nyama pale klabuni. Ila lazima ujue unanunua nini, uitishe vipi, na utoke saa ngapi. Hiyo ndiyo rada ya leo.

Huo mlango ni wako pia

Tuanze na kitu kinachowazuia wengi kabla hata ya bei: ule mlango wa kioo, soja mwenye suti, na lile jicho linalokupima kutoka viatu hadi nywele. Wasee wengi wa mtaa wanageuka hapo hapo. Na hiyo hofu haikutoka hewani.

The Stanley ilianza 1902. The Norfolk ikafunguliwa siku ya Krismasi 1904. Zote mbili zilijengewa walowezi na wageni wao. Mwafrika alikuwa anaingia kupika, kufua au kubeba mizigo. Sheria ya mkoloni hata ilimkataza kunywa pombe kali ya Kizungu, kwa hivyo kokteli kwake ilikuwa kitu cha kubeba kwa trei.

Ukipita kando ya Norfolk leo, angalia jina la barabara: Harry Thuku. Machi 16, 1922, watu walijaa pale karibu, nje ya kituo cha polisi, wakidai Thuku aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa mbele akiwasuta wanaume waliotaka kurudi nyuma. Polisi walifyatua risasi, na wanahistoria wameandika kwamba walowezi waliokuwa kwenye veranda ya hoteli nao walifyatua. Nyanjiru aliuawa siku hiyo pamoja na wengine wengi.

Na usidhani mambo hayo yaliisha na ukoloni. Mwaka wa 2015 mkahawa mmoja wa Kilimani uligonga vichwa vya habari kwa kuwafungia Waafrika mlango kuanzia saa kumi na moja jioni. Kelele zilipopigwa, mkahawa ukafungwa na mwenyewe akakamatwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inasema wazi kwamba hata mtu binafsi hana ruhusa ya kukubagua kwa rangi, kabila, dini au jinsia.

Kwa hivyo ukifika mlangoni, tulia. Baa na mikahawa mingi ya hoteli za Nairobi haihitaji uwe umelala hapo. Soja ana haki ya kukagua begi, kukupitisha kwa mashine na kukuuliza unaenda wapi. Mwambie, "Naenda baa," kisha songa. Kama hoteli ina sheria ya mavazi, kwa kawaida ni ndara, kaptura za mpira na kofia ndizo zinaleta shida. Jeans safi, shati iliyopigwa pasi na viatu vya maana vinatosha. Huhitaji luku ya kukopa.

Lala pa kawaida, kunywa pa kifahari

Hii ndiyo siri ambayo wasafiri wazoefu wanaijua na wanaenda nayo kimya kimya. Bei ya rumu na bei ya glasi ni vitu viwili tofauti. Hoteli ya nyota tano itakutoza doo kubwa sana kukulaza masaa sita ukiwa umefunga macho. Lakini ile lobi, ule upepo wa ghorofani, zile sofa, muziki wa piano na huduma ya weita mwenye heshima zake, yote hayo unayapata kwa bei ya kinywaji kimoja.

Kwa hivyo gawanya. Tafuta pa kulala pasafi, penye maji moto, ufunguo unaofunga na mapokezi yanayofanya kazi usiku. Halafu zile doo ulizookoa, peleka jioni moja mahali pa nguvu.

Saa muhimu ni kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni. Nairobi jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hivyo huhitaji kubahatisha. Pale Westlands, Sankara ina Sarabi juu ghorofani, kando ya bwawa la kuogelea. Ukifika mapema unapata meza ya pembeni, mwanga wa picha ni bure, na jiji linaanza kuwasha taa moja moja mbele yako. Ukifika saa tatu usiku, meza zimejaa, hakuna jua, na bei ni ile ile au imepanda.

Kama wewe ni wa story kuliko mandhari, nenda The Stanley, pale kona ya Kimathi na Kenyatta Avenue. Kwenye Thorn Tree Café kulikuwa na mti wa mgunga ambao wasafiri walikuwa wakiubandika ujumbe: niko Nairobi, nitakungoja siku fulani. Hiyo ilikuwa WhatsApp yao. Na baa yao ya Exchange imebeba jina la soko la hisa, kwa sababu lilipoanza 1954 madalali walikuwa wakikutana kwenye hoteli hiyo kununua na kuuza hisa. Ukikaa pale na glasi moja, umekaa mahali ambapo doo za nchi hii zilikuwa zinapangwa na watu wachache sana.

Na kama mbogi yenu inapenda vitu vya kisasa, Hero iko ndani ya hoteli ya Trademark pale Gigiri, na mapambo yake ni ya mashujaa wa vitabu vya katuni. Hapo mabatenda wanachukulia kokteli kama mpishi anavyochukulia pilau.

Glasi ndogo, mambo makubwa

Sasa tuongee kuhusu kinywaji chenyewe, maana hapa ndipo wengi wanaumizwa bila kujua.

Kokteli nyingi zimesimama kwa miguu mitatu: pombe kali, kitu kichachu kama ndimu, na kitu kitamu kama sukari au asali. Batenda anayejua kazi anasawazisha hiyo mitatu hadi husikii mmoja ukipiga kelele. Batenda asiyejua, au baa inayotaka kuficha pombe rahisi, inamwaga sirapu. Ukionja na kitu cha kwanza unachosikia ni sukari kama ya soda, jua umeuziwa sirapu.

Ile tabia ya kutikisa kopo la chuma kama kayamba pia ina sababu. Kinywaji chenye ndimu au juisi kinatikiswa ili kichanganyike na kipoe haraka. Kile cha pombe tupu, kama Negroni au Old Fashioned, kinakorogwa polepole na barafu. Ukiona batenda anafanya hivyo bila kuangalia simu, uko mahali pazuri.

Lakini kitu cha maana zaidi ni hesabu. Chupa ya Tusker ya mililita 500, ikiwa na asilimia 4.2, ina mililita 21 za pombe tupu. Weka hiyo akilini kama kipimo chako.

Mojito ya kawaida ina mililita 45 za ramu. Ramu ikiwa asilimia 40, hiyo ni mililita 18 za pombe tupu, yaani chini kidogo ya Tusker moja. Negroni inatiwa mililita 30 za gin, 30 za Campari na 30 za vermouth nyekundu. Inaonekana ndogo, imejaa barafu, lakini ukijumlisha inapita Tusker moja. Halafu kuna Long Island Iced Tea, ile inayofanana na chai baridi na inayopendwa na wasee wanaotaka "value". Ndani kuna vodka, tequila, ramu, gin na Cointreau, mililita 15 kila moja. Hiyo ni mililita 75 za pombe kali, karibu mililita 30 za pombe tupu, na ni kama kunywa Tusker moja na nusu kwa mrija mmoja. Baa nyingi zinamimina zaidi ya hapo.

Ini la mtu mzima linasafisha takriban mililita 10 za pombe tupu kwa saa. Kahawa nzito, kuoga maji baridi na supu ya mbuzi haviongezi hata kidogo hiyo spidi. Long Island mbili saa moja usiku maana yake ni kwamba saa saba usiku bado damu yako haijamaliza kazi. Na msee mwembamba, au dem mwenye mwili mdogo, anahisi glasi ile ile kwa nguvu zaidi.

Ndiyo maana wanaojua kukata maji mjini wana mtindo mmoja: kokteli moja, glasi ya maji, sahani ya chakula, kisha wanaangalia kama bado wanataka ya pili. Maji ya kawaida unaweza kuitisha bila aibu. Hakuna batenda wa maana atakucheka.

Dawa: kokteli yetu

Ukikaa kwenye meza na mgeni kutoka nje akuulize Wakenya wanakunywa kokteli gani, usianze kutafuta Google. Jibu ni dawa.

Dawa ya baa ni vodka, vipande vya ndimu vilivyopondwa, sukari kidogo, barafu na asali. Asali inakuja imezungushwa kwenye kijiti, na hicho kijiti ndicho unachotumia kuponda na kukoroga. Ukitaka tamu, unakoroga sana. Ukitaka kali, unakiacha kitulie. Asili yake ni caipirinha ya Brazil, ambayo inatumia pombe ya miwa inayoitwa cachaça. Wakenya wakaweka vodka, wakaongeza asali, wakaipa jina la Kiswahili. Carnivore pale Lang'ata, iliyofunguliwa 1980, ndiyo iliyoifanya ijulikane na kila mtalii aliyepita Nairobi kula nyama choma.

Ila shika hii: dawa ni mbili. Ukiitisha dawa kwenye mkahawa saa nne asubuhi, utaletewa kikombe cha maji moto, tangawizi, ndimu na asali, ile ya kutibu homa. Ukiitisha baa usiku, ni ile yenye vodka. Kama hunywi pombe, sema wazi "dawa ya moto" na hutapata surprise.

Tukiwa hapo kwa wasiokunywa: usikubali kukaa na soda moja ya chupa mbogi ikikata kokteli. Itisha ya ukwaju, pasheni na tangawizi, au ndimu na minti, bila pombe. Baa nzuri inakutengenezea kwa glasi ile ile na mapambo yale yale, na hakuna anayehitaji kujua. Bei yake huwa chini, na kesho yake wewe ndiye utakuwa unacheka.

Na kama unataka kuonja kitu cha hapa hapa chenye hadhi ya dunia, uliza kama wana Procera. Ni gin inayotengenezwa Nairobi kwa mbegu za mti wa mutarakwa, ule mti wa milimani ambao shosho anauita mbao za ua. Bei yake si ya mchezo, kwa hivyo gawaneni glasi moja muonje.

Soma bili kabla bili haijakusoma

Menyu imeandikwa kokteli ni thao moja. Unakunywa mbili, unajua unadaiwa 2,000. Bili inakuja imeandikwa 2,560. Unaanza kutetemeka.

Hakuna uchawi hapo. Kuna VAT ya asilimia 16. Kuna ushuru wa utalii wa asilimia 2, ule ambao wengi bado wanauita catering levy. Na hoteli nyingine zinaongeza service charge, na ikiwa ni asilimia 10, basi kila thao moja inageuka 1,280. Sehemu nyingi zimeshajumuisha hivi vyote kwenye bei ya menyu, lakini nyingine hazijajumuisha, na maandishi ya kukuambia hivyo yako chini kabisa ya ukurasa, madogo kama chawa. Uliza kabla ya kuitisha: "Hii bei ni pamoja na kodi?" Ni swali la kawaida. Masonko wenyewe wanauliza.

Kama service charge imeshaingia, si lazima uongeze bakshishi. Kama haijaingia na weita amekuhudumia poa, mpe kitu mkononi, maana hiyo ndiyo nauli yake ya usiku.

Happy hour nayo ina ujanja wake. Ile ya "nunua moja upate ya pili" mara nyingi inaletwa zote mbili kwa mpigo, unabaki ukikimbizana na barafu inayoyeyuka. Muulize weita kama ya pili inaweza kuja baadaye. Wengine wanakubali, wengine wanakataa, lakini kuuliza ni bure.

Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Linafaa kuwa la baa au la hoteli. Likitokea jina la mtu binafsi, simamisha kila kitu na uitishe meneja. Na kamwe usimpe weita simu yako "akusaidie kulipa".

Kitu kingine ni saa. Sheria ya pombe ya 2010, ile ya Mututho, inaruhusu baa za kawaida kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Leseni za hoteli ni tofauti, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya mbogi inayotaka kuonana mchana kukaa hotelini bila kuogopa karao. Na chini ya miaka 18, usijaribu. Beba kitambulisho.

Kama lazima ulale hapo

Kuna siku inafaa: anniversary, birthday, au umetoka tu kupata kazi na unataka kuamka kwenye shuka nyeupe. Basi jifunze lugha yao. Bed only ni kitanda tu. BB ni kitanda na breakfast. Half board inaongeza mlo mmoja mkubwa, kwa kawaida wa jioni. Full board ni milo yote mitatu. All inclusive ni chakula na vinywaji, lakini uliza vinywaji gani, maana hoteli nyingi zinamaanisha bia na pombe za hapa nchini tu. Ukiitisha whisky ya nje unalipa pembeni.

Uliza bei ya mkazi. Hoteli nyingi zina bei mbili, ya wageni wa nje na ya Wakenya na wakazi, na tofauti inaweza kuwa kubwa. Utahitaji kuonyesha kitambulisho ukifika.

Disemba ina mtego wake. Hoteli nyingi za likizo zinaongeza ada ya lazima kwa chakula cha usiku wa Krismasi na wa kufunga mwaka. Haionekani kwenye bei ya kwanza unayopewa. Uliza kabla hujatuma deposit: "Kuna gala dinner ya lazima? Ni ngapi kwa mtu?" Na deposit yenyewe itume kwa Paybill yenye jina la hoteli. Kama umepata tangazo la villa ya bei ya kutupa na wanataka doo kwa namba ya mtu, piga simu kwa hoteli yenyewe kwanza. Msimu huu matapeli nao wako kazini.

Ukiamua Coasto

Treni ya Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria 2017, bado ndiyo njia tulivu ya kushuka Mombasa. Tangu Januari 2024 daraja la pili ni 1,500 na la kwanza ni 4,500. Katikati ya Disemba tiketi zinaisha haraka, kwa hivyo kata mapema. Kumbuka unapandia Syokimau na unashukia Miritini, na zote mbili ziko mbali na tao. Panga nauli ya pande zote mbili kwenye bajeti, usije ukashangaa.

Sheria ya kulala pa kawaida na kunywa pa kifahari inafanya kazi hata zaidi Mombasa. Chukua rumu ya kawaida Nyali au kisiwani, halafu jioni moja nenda Tamarind, pale Nyali juu ya maji, jengo jeupe lenye matao linaloangalia Bandari ya Kale. Itisha dawa. Waliofungua Carnivore ndio hao hao wenye Tamarind, kwa hivyo uko nyumbani kwa kinywaji hicho.

Lakini usimalize siku zako zote baa. Mchana nenda Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 na UNESCO ikaiweka kwenye urithi wa dunia 2011. Kisha ingia Mji wa Kale kwa miguu. Huu ni mtaa wa watu, wenye misikiti na familia, kwa hivyo vaa nguo za heshima, usitembee na chupa mkononi, na ukikutana na mzee mwamkie "Shikamoo". Utapata marahaba na maelekezo bora kuliko ramani ya simu. Jioni shuka Mama Ngina Waterfront ule mihogo na viazi karai, unywe madafu huku meli zikipita. Mbogi nzima itashiba kwa pesa ambazo hotelini zingenunua kokteli moja. Joto la Pwani linakausha mwili, kwa hivyo madafu na maji kabla ya pombe si ushauri wa mama tu.

Mchele ni noma, na keja za kukodi pia

Sasa sehemu ambayo wengi wanairuka, na ndiyo iliyotuma watu wengi hospitalini na wengine mochari.

Mchele hapa si ule wa pilau. Ni dawa ya kulevya usingizi inayotiwa kwenye kinywaji chako ukiangalia pembeni. Unaamka kesho bila simu, bila doo, M-Pesa imefagiliwa, na wengine hawaamki kabisa. Machali wanalengwa, madem wanalengwa. Ukiwekewa na pombe juu, kupumua kwenyewe kunaweza kusimama.

Kwa hivyo glasi yako ni kama simu yako, haiachwi kwa meza. Ukienda choo, imalize, ibebe, au mwachie mtu unayemwamini kabisa. Ukirudi na huna uhakika, itupe uitishe nyingine. Hiyo thao moja ni bei ndogo. Kaa mahali unapomwona batenda akimimina, na kinywaji kutoka kwa msee usiyemjua kije moja kwa moja kutoka kwa mkono wa weita. Rafiki akianza kulegea ghafla kuliko glasi alizokunywa, usimwambie alale ajisikie vizuri. Mpeleke hospitali, umlaze kwa ubavu njiani, na mwambie daktari unachoshuku.

Halafu kuna keja za kukodi za usiku mmoja. Januari 2024, wanawake wawili vijana waliuawa ndani ya wiki chache kwenye nyumba za aina hiyo hapa Nairobi. Mnamo Januari 27 maelfu waliingia barabarani mijini kudai mauaji ya wanawake yakome. Wauaji ndio wa kulaumiwa, sio waliouawa. Lakini kama unakutana na mtu kwa mara ya kwanza, hapo ndipo baa ya hoteli inalipa doo zake: kuna mapokezi, kuna kamera, kuna kitabu cha wageni, kuna soja anayekumbuka sura. Kutana hapo, kunywa hapo, na urudi kwako peke yako hadi umjue huyo mtu. Mtumie rafiki jina, picha na location. Ukivamiwa au ukijua mtu aliyedhulumiwa, laini ya 1195 ni ya bure na inashughulikia dhuluma za kijinsia. Polisi ni 999 au 112.

Kurudi home, kubaliana na mbogi kabla ya glasi ya kwanza: nani hanywi, au ni teksi ya app. Ukiitisha teksi, linganisha namba ya gari na ile ya kwenye simu, muulize dereva jina la abiria anayemtafuta kabla hujamtajia lako, na tuma safari yako kwa mtu aliye macho. Nduthi ya saa nane usiku ukiwa umelewa ni kamari. Na kila msee aandike "nimefika" kwenye group. Ambaye hajaandika, anapigiwa hadi ashike.

Hesabu ya mwisho kabla hujafunga begi

Njaanuari haina huruma. Kodi ya nyumba inakuja, shule zinafunguliwa, na kuna mdogo wako nyumbani anayehitaji viatu. Kwa hivyo kabla hujakata tiketi, lipa kodi ya Januari na tuma ya nyumbani. Kilichobaki ndicho cha raha, na hicho kigawe mara tatu: usafiri wa kwenda na kurudi kwanza, pa kulala pili, raha tatu. Nauli ya kurudi iweke kwenye laini nyingine au kwa M-Shwari, mahali ambapo mkono wa saa sita usiku hauwezi kuifikia.

Kisha vaa vizuri, fika kabla jua halijazama, mwamkie soja, uingie. Itisha dawa moja, uikoroge polepole. Ukimaliza uitishe bili, uisome mstari kwa mstari, ulipe, na utoke ukiwa bado unakumbuka jina la weita aliyekuhudumia.